Laxton: Kijiji cha Uingereza Ambacho Mashamba Yake Hayana Uzio

Katika mijadala ya ardhi, redioni na vijiweni, kuna hoja inayorudiwa kana kwamba imekwisha thibitishwa: kwamba hata Waingereza walianza na ardhi ya kijiji isiyo na mwenyewe, wakaona haiwafikishi popote, wakaigawa kwa watu binafsi, na hapo ndipo kilimo chao kilipostawi. Wapo wanaoitumia hoja hiyo kutetea hati ya mtu mmoja mmoja, na wapo wanaoigeuza upande wa pili wakidai kwamba Waingereza walikuwa na ujamaa wao, ukaja kuvunjwa na matajiri. Kambi zote mbili zinasimulia kitu ambacho hakikuwapo kwa namna hiyo. Mfumo wa zamani wa kilimo cha Uingereza haukuwa wa ardhi isiyo na mwenyewe, wala haukuwa ushirika wa kulima na kugawana mavuno. Bahati njema ni kwamba hatuhitaji kuubahatisha, kwa sababu bado kuna mahali ambapo mfumo huo unaendeshwa na wakulima hai, kila mwaka, kwa sheria zake.

Mahali hapo ni Laxton, kijiji kidogo cha mkoa wa Nottinghamshire, katikati ya England, chenye wakazi wasiofika mia tano. Anayepita kwa gari anaweza asione cha ajabu: barabara moja kuu, nyumba za wakulima za matofali mekundu zilizosimama bega kwa bega, nyingi zikiwa zimeipa barabara ubavu, kanisa la Mtakatifu Mikaeli, baa iitwayo Dovecote Inn, na kilima cha udongo kilichoota majani kaskazini mwa kanisa. Lakini sehemu nyingine za England nyumba ya mkulima husimama peke yake katikati ya mashamba yake, nayo mashamba yamezungukwa na ua wa miti ya miiba. Hapa wakulima wamekaa pamoja kijijini, na mashamba yao yako nje, mapana na wazi, bila uzio ndani yake. Tofauti hiyo ndiyo historia nzima ya kijiji, na ndiyo inayohitaji kuelezwa.

Tuanze na maneno machache. Shamba la wazi ni eneo kubwa la kulima lisilo na uzio ndani, ambalo limekatwa vipande virefu na vyembamba. Vipande hivyo nitaviita ngwe, kwa kuwa ndivyo wakulima wetu wanavyokiita kipande cha shamba kilichopimwa na kukabidhiwa mtu mmoja. Kabaila ni yule aliyemiliki eneo zima kisheria. Mpangaji ni mkulima anayelima kwa kumlipa kabaila kodi. Laxton ina mashamba ya wazi matatu, yanayoitwa West Field, South Field na Mill Field, na kwa sasa yote kwa jumla hayafiki eka 500. Mkulima mmoja ana ngwe katika kila moja ya mashamba hayo matatu, na ngwe zake hazikukaa pamoja. Zimechanganyika na za majirani.

Ifikirie nyumba ya kupanga yenye vyumba vingi na ua mmoja. Kila mpangaji ana chumba chake na ufunguo wake, na hakuna anayeingia kupika katika chumba cha mwenzake. Lakini ua ni wa wote, bomba ni la wote, na kuna zamu ya kufagia ambayo hakuna anayeiruka bila kusikia maneno ya wenzake. Ngwe ni chumba: anayepanda ngwe yake anavuna mwenyewe, anauza mwenyewe, na hasara ni yake. Kilichokuwa cha pamoja ni kalenda ya kulima, njia za kupita, malisho baada ya mavuno, na chombo cha kuwaadhibu wanaovuka mpaka. Mtu aliyekulia Tanzania akisikia habari za mashamba ya pamoja huenda akakumbuka vijiji vya ujamaa vya baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ambako palikuwa na shamba moja la kijiji lililolimwa kwa nguvu za wote. Laxton haikuwa hivyo hata siku moja.

Kwa nini basi watu wenye ngwe zao binafsi wafungwe na kalenda moja? Jibu liko kwenye udongo. Kabla ya mbolea za viwandani, ardhi iliyolimwa nafaka mfululizo ilichoka, na dawa yake ilikuwa kuipumzisha na kuwaachia mifugo waisamadi. Kwa hiyo mashamba matatu yalipokezana. Mwaka wa kwanza shamba moja lilipandwa ngano wakati wa vuli, mwaka wa pili likapandwa mazao ya majira ya kuchipua kama shayiri, maharage au njegere, na mwaka wa tatu likalazwa. Wakati shamba moja limelala, mengine mawili yanazalisha. Hapo ndipo tunapoona sababu ya mkulima kuwa na ngwe katika mashamba yote matatu: kama ngwe zake zote zingekuwa shamba moja, mwaka mmoja katika kila mitatu angelala njaa. Tunaona pia sababu ya kalenda. Mifugo ikiachiwa kuingia kwenye shamba lililopumzishwa, au kwenye mabua baada ya mavuno, hakuna uzio wa kuizuia isiingie katika ngwe ya yule aliyeamua kupanda kwa wakati wake mwenyewe. Aliyetaka kulima kwa ratiba yake angeliwa mazao, au angewanyima wenzake malisho. Uhuru wa mmoja ungekuwa hasara ya wengi, nao walilijua hilo vizuri.

Umbo la ngwe nalo lina maelezo yake. Plau nzito ya udongo wa mfinyanzi, ikivutwa na ng'ombe kadhaa waliofungwa wawili wawili, ilikuwa ngumu kugeuza, na kila kuigeuza kulipoteza muda na nguvu. Mkulima alipendelea kwenda mwendo mrefu kabla ya kugeuka, ndiyo maana ngwe zikawa ndefu na nyembamba. Katika mashamba mengi ya zamani ya England, ukiyaona kutoka juu, matuta yake hayaendi sawasawa kama rula bali yamejipinda kidogo kwenye ncha, mithili ya herufi S iliyogeuzwa na kunyooshwa, kwa sababu mwenye plau alianza kuwaelekeza ng'ombe upande mmoja kabla ya kufika mwisho ili apate nafasi ya kuwageuza.

Kutokana na kazi hiyo hiyo tulipata kipimo tunachokitumia kila siku Afrika Mashariki bila kukiulizia asili yake. Eka ilikuwa eneo ambalo kundi la ng'ombe liliweza kulima kwa siku moja, na baadaye ikasanifiwa kuwa yadi 220 kwa urefu na yadi 22 kwa upana, yaani yadi za mraba 4,840. Umbo lake la asili, kwa hiyo, ni la ngwe: urefu ni mara kumi ya upana. Huku kwetu watu husema eka moja ni sabini kwa sabini, nao wako karibu sana na ukweli iwapo wanahesabu yadi, kwani sabini mara sabini ni 4,900. Wakihesabu mita wanakosea, maana eka ni takriban mita za mraba 4,047, na sabini kwa sabini za mita ni zaidi ya hapo kwa karibu moja ya tano. Migogoro ya mipaka inayotokana na mkanganyiko huo si michache, na inafaa muuzaji na mnunuzi waulizane wanapima kwa nini kabla ya kutoa fedha.

Turudi Laxton, kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha habari yote: nani anasimamia? Kila mwaka, mwishoni mwa Novemba, jopo la wakulima kumi na wawili likiongozwa na mmoja wao hutoka kwenda kukagua lile shamba ambalo zamu yake ya ngano imefika. Wanapanda tela linalovutwa na trekta, wanazunguka kwenye matope ya vuli, na mwisho wa kila ngwe wanashuka kutazama. Je, plau imekula njia ya wote? Imeingia kwenye ukanda wa majani? Imemega ngwe ya jirani? Pale mpaka unapohitaji kuonyeshwa upya, kigingi cha mti kinapigwa ardhini kwa nyundo, mbele ya macho ya wote. Mtu akizidisha mwendo wa plau yake kidogo tu kila msimu, bila ukaguzi, baada ya miaka kumi atakuwa amekula njia nzima. Ndiyo maana wanaangalia hata hatua moja. Wakimaliza wanakwenda Dovecote Inn, wanakula, na hapo makosa yanaandikwa kwenye karatasi ya mashtaka.

Wiki inayofuata inakaa mahakama yenyewe. Hii ni mahakama ya kikabaila, ya aina iliyokuwapo zamani katika maelfu ya vijiji vya England, ikiendeshwa na mwakilishi wa mwenye ardhi. Makosa yanasomwa, faini zinatozwa, na jopo jipya linaapishwa kwa ajili ya shamba litakalofuata, hivyo kila shamba hukaguliwa mara moja katika kila miaka mitatu. Faini si kubwa, lakini kutajwa jina mbele ya majirani wote kuna uzito wake. Wengi hudhani kwamba haya ni maigizo ya kuwafurahisha watalii. Sivyo. Sheria ya usimamizi wa haki ya mwaka 1977 ilipoondoa mamlaka ya mahakama nyingi za namna hii nchini England, ya Laxton iliachiwa kazi yake ya kusimamia mashamba ya wazi. Jambo la kuzingatia ni nani wanaokaa kwenye jopo: ni wakulima wenyewe, ambao ngwe zao zinakaguliwa na wenzao, na ambao mwakani wanaweza kuwa ndio wanaosomewa makosa.

Hapa pafaa kugusa dhana moja iliyoenea hadi vyuo vikuu. Mwaka 1968 mwanabiolojia wa Marekani, Garrett Hardin, aliandika kwamba malisho yaliyo wazi kwa wote lazima yaharibike, kwa kuwa kila mfugaji ataongeza ng'ombe wake mmoja mmoja hadi majani yaishe. Maneno yake yamenukuliwa kwa miongo mingi kama hukumu dhidi ya kila ardhi inayotumiwa kwa pamoja, ikiwemo ya wafugaji wa Afrika. Lakini malisho aliyoyaeleza hayakuwa ya kijiji cha Kiingereza. Katika kijiji kama Laxton, haki ya kuchunga iliambatana na makazi maalumu, idadi ya mifugo iliwekewa kikomo, na mnyama aliyekutwa mahali pasipo pake alifungiwa katika zizi la kijiji hadi mwenyewe alipolipa. Zizi hilo lingalipo Laxton. Elinor Ostrom, mwanasayansi ya siasa aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alitumia maisha yake ya utafiti kuonyesha kwamba watu wanaotumia rasilimali moja wanaweza kuitunza kwa karne nyingi, ilimradi wawe na kanuni walizozitunga au kuzikubali wenyewe na njia ya kuwabana wanaozivunja. Ukanda wa majani ulio kandokando ya vijito vya Laxton, ambao haulimiki, ni ushahidi mzuri: majani yake huuzwa kwa mnada kila kiangazi, na kwa kuwa haujaguswa na plau wala dawa za kuua magugu, leo una maua ya mbugani ambayo yametoweka kwingi nchini humo, na umewekwa chini ya ulinzi wa sheria kwa thamani yake ya kisayansi.

Lakini nisieleweke kwamba kijiji hiki kilikuwa pepo ya wakulima. Kilima cha udongo nyuma ya kanisa ni kumbukumbu ya nguvu. Mwaka 1066 Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, walivamia England, na sensa kubwa ya mali waliyoifanya mwaka 1086 inaonyesha kwamba Laxton, iliyokuwa ya mtu aitwaye Toki, ilikuwa imeingia mikononi mwa Geoffrey Alselin, mmoja wa watu wa watawala wapya. Ngome ilijengwa juu ya kilima cha kutengenezwa kwa mikono, ikiwa na viwanja viwili chini yake, ili bwana aone kila kinachoendelea. Baadaye ilikuwa makao ya akina Everingham, waliokuwa walinzi wa msitu wa kifalme wa Sherwood, ule ule wa hadithi za Robin Hood. Kanisani kuna sanamu zao za makaburini, na mojawapo, ya mke wa pili wa Adam de Everingham, imechongwa kwa mti wa mwaloni; sanamu za mti za zama hizo ni adimu mno, kwa kuwa nyingi zimeoza au zimechomwa. Ngome yenyewe imebaki udongo mtupu. Wakulima waliolima ngwe chini ya kivuli chake walidaiwa kodi na kazi, na mahakama ile ile iliyolinda mipaka yao ilikuwa pia chombo cha kabaila kukusanyia chake.

Tunajua sura ya kijiji hicho kwa undani usio wa kawaida kutokana na ramani moja. Mfanyabiashara wa London, William Courten, alinunua eneo hilo mwaka 1625, na mwaka 1635 mpimaji Mark Pierce akamchorea ramani kubwa inayoonyesha kila ngwe na kila nyumba, pamoja na vijipicha vya watu wakilima na kuwinda. Sasa imehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian, Oxford. Courten huyo ndiye aliyegharimia walowezi wa kwanza wa Kiingereza waliotua Barbados mwaka 1627, hivyo fedha zilizonunua kijiji hiki cha ndani kabisa ya England zilikuwa za mtu mwenye mkono katika makoloni. Ramani haikuchorwa kwa mapenzi ya historia. Tajiri alitaka kujua kila kipande kinaweza kumwingizia kiasi gani.

Sasa tufike kwenye ugawaji unaotajwa vijiweni. Jina lake la haki ni uzungushaji wa uzio. Ngwe zilizotawanyika ziliunganishwa, kila mwenye haki akapewa eneo moja, uzio ukapandwa, na haki za malisho ya pamoja zikafutwa. Kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za namna hiyo, zilizogusa takriban eka milioni 6.8, nyingi zikiwa za karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19. Ni kweli kwamba mkulima mwenye eneo moja lililozungushwa aliweza kujaribu mazao mapya bila kumsubiri jirani, na sehemu nyingi mavuno yaliongezeka. Ni kweli vilevile kwamba waliokuwa na haki ndogo, wale wa ng'ombe mmoja na kuni za kuokota, mara nyingi walitoka mikono mitupu, kwa kuwa haki yao haikuwa na karatasi au kipande walichopewa hakikutosha hata gharama ya uzio. Anayesema Waingereza waligawa ardhi wakaendelea anataja nusu ya habari. Ardhi haikugawiwa wasio nayo. Ilikusanywa kwa waliokuwa nayo tayari.

Laxton ilinusurika kwa nini? Si kwa sababu wanakijiji walipinga, wala kwa kuwa mabwana wake walikuwa na huruma zaidi. Sababu inayotajwa mara nyingi ni ya kawaida kabisa: ardhi ilikuwa imegawanyika kati ya wamiliki wakubwa wasioelewana, na bila makubaliano yao kazi ya kuunganisha ngwe ilikuwa ngumu na ya gharama. Wala si kweli kwamba hakuna kilichobadilika. Sehemu kubwa ya kijiji ilizungushwa uzio kidogo kidogo, na mwanzoni mwa karne ya 20 ngwe zilizobaki ziliunganishwa kuwa chache na pana zaidi, kwa hiyo ngwe ya leo ni kubwa kuliko ile iliyochorwa na Pierce. Trekta imechukua nafasi ya ng'ombe. Katika mwaka wa kupumzisha ardhi, siku hizi hupandwa malisho. Kilichodumu ni mpangilio wenyewe: mashamba matatu, zamu tatu, jopo na mahakama.

Kuhusu umiliki, uvumi mwingi ulizuka pale iliposemekana kwamba Malkia ameuza kijiji. Mlolongo wenyewe ni huu. Kwa muda mrefu sehemu kubwa ya Laxton ilikuwa ya akina Pierrepont, ambao baadaye walikuwa na cheo cha Earl Manvers. Mwaka 1952 Earl wa mwisho aliiuzia Wizara ya Kilimo ili mfumo usivunjwe. Mwaka 1981 ikahamishiwa shirika la Crown Estate. Shirika hilo, licha ya jina lake la kifalme, halisimamii mali binafsi ya mfalme au malkia. Tangu enzi za George III, mwaka 1760, mapato yake huingia Hazina ya serikali, na mtawala hana uwezo wa kuuza kipande chake ajiwekee fedha mfukoni. Mwaka 2020 shirika hilo liliiuza Laxton kwa Thoresby Estate, mali iliyo jirani inayoshikiliwa na warithi wa familia ile ile ya Manvers. Wapangaji hawakuondolewa na mashamba hayakuzungushwa uzio. Tishio la kweli kwa sasa ni uchache wa wakulima: jopo linahitaji watu kumi na wawili wanaojua ngwe ya nani inaishia wapi, na mashamba ya England yanazidi kuunganishwa yakilimwa na familia chache. Kijiji kikibaki na wakulima wawili au watatu tu, hakuna sheria ya mwaka 1977 wala mmiliki mwema atakayeweza kuwapatia majirani wa kuwakagua.